Barua ya Wazi: Minara Miwili Ina Sura ya Marseille, Mwili Wake ni wa Unguja

Kwenu wenye dhamana ya majengo ya kale ya Mji Mkongwe, Unguja: mnaotoa vibali, mnaoandika mikataba ya ukarabati, mnaoshika fedha zake, na mnaopitisha maneno ya vibao na vijitabu vya wageni.

YAH: KANISA LA MTAKATIFU YOSEFU (MINARA MIWILI) NA MAJENGO YA CHOKAA YANAYOTENGENEZWA KWA SARUJI

Waheshimiwa,

Salaam na heshima zote. Haya tunayoyaandika si mageni kwenu. Yalisemwa vikaoni, yakaandikwa kwa barua, yakapigwa muhuri wa kupokelewa, yakalala. Leo tunayaleta hadharani kwa adabu ileile, ila bila ya kunong'ona. Hatumtaji mtu wala ofisi. Ambaye saini yake inahitajika kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujashushwa kichochoroni anajijua.

Barua hii haisemi kwamba kanisa la Minara Miwili linaanguka. Tumelishika kuwa mfano kwa sababu linadanganya macho kuliko majengo mengi ya mji huu. Ukilitazama kwa mbele unaiona Ufaransa, na anayeiona Ufaransa ataagiza dawa ya jengo la Ufaransa. Chini ya lipu, hata hivyo, ni mawe ya matumbawe na chokaa, sawa na nyumba ya jirani na msikiti wa mtaa wa pili. Kosa la kulieleza vibaya na kosa la kulitengeneza vibaya ni kosa moja, ndiyo maana tunayaweka yote mawili kwenye barua moja.

Jengo lenyewe

Wareno waliwahi kuwa na kanisa Unguja, pale ilipo Ngome Kongwe, likatoweka pamoja na utawala wao. Ukatoliki tunaoujua leo ulifika Desemba 1860, Padre Armand Fava na wenzake walipokuja kutoka kisiwa cha Réunion, zama za Sultani Majid bin Said. Mwaka 1863 kazi ikashikwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, Padre Anton Horner akiwa kiongozi wao, na ni kutoka hapa Unguja walikovuka mwaka 1868 kwenda kufungua misheni ya Bagamoyo. Mwaka 1883 Unguja ikawa makao ya askofu, Raoul de Courmont.

Kanisa tunaloliona sasa ni la miaka ya 1890, likakamilika 1898. Miaka hiyo haikuwa ya utulivu. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Uingereza ziliipiga mizinga kasri ya Sultani kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akatia saini amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria. Kanisa lilikamilika mwaka mmoja tu baada ya amri hiyo.

Mtindo wake ni wa Kiromaneski, yaani matao ya nusu duara, kuta nene, na minara miwili pembeni mwa mlango mkuu. Mfanano wake na Kanisa Kuu la Sainte-Marie-Majeure la Marseille, mji wa Ufaransa, hauhitaji mtaalamu kuuona. Vigae vya sakafu na vioo vya rangi vililetwa kutoka Ufaransa, na ndani kuta zilichorwa picha za Agano la Kale. Lakini La Major, kama wanavyoliita wenyewe, ni jengo la mawe yaliyochongwa, meupe na ya kijani, mstari kwa mstari, na rangi yake ni rangi ya jiwe lenyewe. Letu halina jiwe lililochongwa hivyo. Lina mawe ya matumbawe yasiyo na umbo moja, yaliyozamishwa kwenye chokaa nyingi, halafu lipu ndiyo ikalipa sura. Ukiivua lipu umelivua jengo ngozi.

Hoja zetu ni hizi.

1. Saruji juu ya ukuta wa matumbawe

Hii ndiyo kubwa, tutakaa hapa kidogo.

Jiwe la tumbawe lina vitundu. Hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhi, kisha huyarudisha hewani taratibu kupitia kwenye viungo na lipu. Chokaa nayo hupumua, tena ni laini kuliko jiwe. Kwa hiyo maji hutokea kwenye chokaa, chumvi hubaki kwenye chokaa, na ukuta ukicheza kidogo, chokaa ndiyo inayopasuka. Baada ya miaka fundi anaibandua na kupiga nyingine. Jengo lilijengwa likijua hivyo.

Sasa piga kiraka cha saruji, sehemu 1 kwa 4 za mchanga, unene wa inchi moja, upana wa mlango, chini ya ukuta. Mwaka wa kwanza kinapendeza na picha za ripoti zinapigwa. Masika ya pili au ya tatu unatokea mstari mweusi juu tu ya kiraka, kimo cha kifua: maji yaliyokuwa yakitokea chini yamezibiwa njia, yamepanda kutafuta nyingine. Kando ya mstari unaota unga mweupe kama magadi. Hiyo ni chumvi. Gonga kiraka kwa kifundo cha kidole, kinalia kama mtungi mtupu. Halafu siku moja kinaanguka chenyewe. Kiokote, ukigeuze, utazame mgongo wake: utaona uso wa jiwe, sentimita 2 au 3, umeng'ang'ania saruji na kuanguka nayo. Saruji haikupasuka, jiwe ndilo lililopasuka. Na fundi atakayeitwa atajaza shimo hilo kwa saruji nyingi zaidi, maana shimo sasa ni kubwa zaidi.

Mji wetu uko ufukweni. Upepo wa kaskazi na wa kusi unaleta chumvi mwaka mzima, na hata mchanga wa pwani unaoletwa kwa gari una chumvi yake. Jengo la matumbawe haliwezi kuikwepa chumvi. Linachoweza ni kuitoa, mradi lisizibwe mdomo.

Kwa kuwa kila mara tunaambiwa "tuleteeni basi utaratibu", huu hapa, uandikwe kwenye mkataba kama ulivyo:

Chokaa izimwe kwa maji mengi, ichujwe kwa chekeche, ilazwe shimoni au kwenye pipa ikiwa imefunikwa na maji kwa miezi isiyopungua 3. Iliyoiva hukatika kwa mwiko kama samli iliyoganda. Mchanga usiwe wa pwani. Uwe mkali, wenye punje kubwa na ndogo, uoshwe kwa maji matamu. Utie kwenye chupa ya maji, utikise, uache utulie: tabaka la tope likionekana nene juu ya mchanga, urudi kuoshwa. Kipimo ni sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga kwa lipu ya kwanza na ya pili, na 1 kwa 2 za mchanga laini kwa ya mwisho. Sehemu zinazopigwa na maji sana, kama chini ya mifereji, zinaweza kuongezwa unga wa matofali ya udongo yaliyochomwa, ambao huifanya chokaa ikaze hata palipo na unyevu.

Ukuta ulowanishwe tangu siku iliyotangulia. Lipu ya kwanza isizidi milimita 12, ikwaruzwe ikiwa bado mbichi, iachwe wiki 2 au zaidi kabla ya kupigwa ya pili. Mbele yake yatundikwe magunia yanayolowanishwa asubuhi na jioni kwa siku 7 hadi 10. Anayepiga lipu ya chokaa kwenye jua la saa saba na kuiacha wazi ataamka kesho akute nyufa kama utando wa buibui, kisha atakuja kwenye kikao kusema chokaa haifai. Tumeshawasikia.

Viungo vya mawe vikwanguliwe kwa tindo na nyundo, kina mara mbili ya upana wa kiungo, wala visikatwe kwa grenda, kwa sababu grenda haijui mpaka wa jiwe na chokaa. Na jambo moja ambalo wenye hamasa hulisahau: saruji ya zamani iliyoshika kwa nguvu isibanduliwe kwa lazima. Kuing'oa kunaweza kuondoka na jiwe. Inayolia mtungi ndiyo itolewe. Nyingine iandikwe kwenye ramani, ingoje siku yake.

Rangi ya nje iwe chokaa pia: nyepesi kama maziwa, mikono 4 au 5, kila mmoja ukauke. Rangi ya plastiki ni saruji nyingine, ila ni nyembamba.

2. Maji kutoka juu na kutoka chini

Mvua ya masika haina huruma na mfereji ulioziba. Mifereji ya paa na mabomba yake ikaguliwe mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Ukaguzi wenyewe ni ndoo ya lita 20: imwage juu, mwenzako asimame chini na saa. Maji yakichelewa kutoka, au yakitoka pungufu, bomba limeziba au linavujia ndani ya ukuta. La pili ndilo baya, kwa sababu halionekani mpaka lipu ya ndani ivimbe.

Chini kuna tatizo la vichochoro. Kila njia inapopigwa sakafu mpya juu ya ya zamani, ardhi inapanda na ukuta unazama. Sakafu ya zege ikisukumwa mpaka kwenye ukuta, unyevu ulio chini yake hauna pa kutokea ila ukutani. Kandokando ya kuta za kale uachwe ukanda wa sentimita 40 wa kokoto, wenye mteremko wa kupeleka maji mbali. Kazi hiyo ni ndogo kuliko zote zilizotajwa kwenye barua hii, na haijawahi kuingia kwenye mkataba wowote tuliouona.

Miche ya mikuyu na mimea mingine inayopandwa na ndege kwenye viungo vya juu isivutwe. Mizizi ikivutwa huja na mawe. Ikatwe, mzizi utiwe dawa, ungojwe ukauke kabisa, ndipo shimo lijazwe chokaa.

3. Minara, nyufa na uzito

Minara hii inaonekana kutoka baharini na kutoka juu ya paa la hoteli yoyote, ingawa ukishuka vichochoroni nyuma ya Barabara ya Kenyatta unaweza kuzunguka nusu saa usiuone mlango. Jengo linaloonekana hivyo huvutia kila anayetafuta mahali pa juu pa kufunga kitu. Tunaomba iandikwe wazi, kwa minara yote ya kale mjini: hakuna antena, taa ya mapambo wala kamera ya kufungwa kwa nondo iliyotobolewa ndani ya tumbawe. Chuma kikishika kutu huvimba mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali na kulipasua jiwe kutoka ndani. Palipo lazima, iwe chuma cha pua cha daraja la 316, kinachohimili bahari, kifungwe kwenye kiungo cha chokaa na si kwenye jiwe. Kinga ya radi ipimwe kila mwaka. Ukinzani wa ardhini usizidi omu 10.

Nyufa zipimwe kabla ya kuzibwa. Ufa ulioacha kucheza unazibwa. Unaocheza unatafutiwa sababu. Namna ya kujua ni rahisi: bandika kipande chembamba cha kioo au jasi kukatisha ufa, andika tarehe juu yake, weka alama mbili na uzipime kila baada ya wiki 2 kwa miezi 12, ili upite masika na vuli. Kioo kikivunjika, umejibiwa. Kuziba kwanza na kupima baadaye ni kumpaka mgonjwa poda.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultani hapa mjini, lilijengwa 1883, miaka 15 tu kabla ya kanisa hili kukamilika. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Hatuandiki hapa kumhukumu yeyote kwa siku ile. Tunasema tu kwamba baada ya siku ile, mtu kutuambia vipimo vya mwaka mzima "vinachelewesha mradi" ni maneno mazito.

4. Vioo na michoro

Vioo vya rangi vimeshikwa kwa vipande vya risasi, na risasi huchoka kwa joto la mchana na ubaridi wa usiku. Dirisha likianza kutoa tumbo, lisisukumwe kwa kiganja lirudi. Lisioshwe kwa sabuni ya madirisha yenye amonia wala kwa mpira wa maji: ni pamba, maji safi yasiyo na chumvi, na mkono mwepesi, baada ya kuhakikisha rangi iliyochorwa juu ya kioo haitoki. Kioo cha kinga kikiwekwa kwa nje, kiachiwe nafasi ya hewa juu na chini. Kikizibwa pande zote kinakuwa tanuri.

Michoro ya ukutani tunaiogopea zaidi, kwa sababu kila mtu anaamini anajua kupaka rangi. Picha iliyofifia haihitaji kuchorwa upya. Inahitaji kwanza kujulikana unyevu unaoifukuza unatoka wapi, na mara nyingi jibu linaturudisha kwenye hoja ya 1 na ya 2: lipu ya saruji upande wa nje inasukuma chumvi upande wa ndani, kwenye uso wa nabii. Usafishaji wowote uanzie kwenye kijisehemu cha sentimita 5 kwa 5, mahali pasipo na uso wala mkono, upigwe picha kabla na baada. Anayekuja na brashi ya inchi nne arudishwe mlangoni.

5. Maneno ya vibao na vijitabu

Kwanza, wageni wanapewa hadithi ya kanisa lisilokuwa hili. Soko la watumwa lilikuwa mtaa wa Mkunazini, likafungwa 1873 baada ya mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na juu ya eneo lake likajengwa kanisa la Kianglikana chini ya Askofu Edward Steere. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873. Hadithi hiyo ni ya Mkunazini. Kuihamishia Minara Miwili ni kuyakosea makanisa yote mawili, na kuwakosea zaidi wale waliouzwa pale.

Pili, mnaandika kuwa "msanifu wa kanisa kuu la Marseille ndiye aliyelichora". La Major lilipita mikononi mwa wasanifu zaidi ya mmoja. Léon Vaudoyer alianza na akafariki 1872, Henri-Jacques Espérandieu akafuata na akafariki 1874, Henri Révoil akamalizia. Wawili wa kwanza walikuwa kaburini miaka mingi kabla ya Minara Miwili kuanza. Andikeni "limefanana na" na mtakuwa mmesema kweli.

Tatu, safari imegeuzwa. Wageni wanaambiwa Ukatoliki ulitoka Bagamoyo ukaja Unguja. Bagamoyo ni ya kwanza upande wa bara. Unguja ilitangulia kwa zaidi ya miaka 7.

Nne, neno "lilijengwa na Wafaransa". Mapadre walisimamia. Mawe yalichimbwa, chokaa ikachomwa na kuta zikapandishwa kwa ujuzi wa waashi wa pwani hii, na mbinu hiyo ilikuwapo karne nyingi kabla ya padre wa kwanza kushuka bandarini. Tukilisema hilo, hata suala la nani alitengeneze na kwa kitu gani linajijibu.

Mtakayotujibu

"Saruji ni imara zaidi." Ni kweli, na hapo ndipo ilipo shida. Kiraka kigumu kuliko nguo huichana nguo.

"Mbona Mkunazini lilijengwa kwa saruji?" Hoja hii ina akili na tunaiheshimu. Askofu Steere alilifunika kanisa lake kwa tao la zege la matumbawe yaliyopondwa na saruji, watu wakatabiri litaanguka, na bado liko. Lakini lile lilikuwa saruji tangu siku ya kwanza, zege moja linalocheza pamoja. Halikuwa kiraka kigumu juu ya mwili laini. Mfano huo hauruhusu kupiga saruji kwenye ukuta uliozaliwa na chokaa.

"Mafundi wa chokaa hawapo." Wapo, ni wachache, na wanazidi kuwa wachache kwa sababu kazi zinazotangazwa zinadai saruji. Mkataba ukidai chokaa, kijana atajifunza chokaa. Mwashi mzuri wa saruji anahitaji msimu mmoja chini ya fundi mkuu. Mikono anayo tayari, kinachomsumbua ni haraka.

"Chokaa inachelewa na fedha za mfadhili zina tarehe." Hapa hatuna jibu tamu. Chokaa inachelewa kweli. Basi izimwe siku mradi unapoandikwa, si siku jukwaa linaposimamishwa. Itakuwa imeiva kabla karatasi zenu hazijamaliza kuzunguka meza.

"Ni nyumba ya ibada, ina wenyewe." Ina wenyewe, nao wanastahili kuulizwa kwanza. Ila Mji Mkongwe wote umo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kibali hakitolewi na paroko.

Tunachoomba

(a) Kila kibali cha kazi kwenye ukuta wa matumbawe kiwe na sentensi hii: "Saruji na rangi ya plastiki haziruhusiwi, ndani wala nje, isipokuwa kwa maelezo ya maandishi yaliyosainiwa." Jina la aliyesaini lionekane.

(b) Kabla ya kazi yoyote kubwa Minara Miwili, ufanyike uchunguzi wa maandishi: ramani ya nyufa, ramani ya unyevu, orodha ya saruji iliyokwisha kupigwa, picha za michoro yote na vioo vyote. Nakala ibaki kanisani. Ikifungiwa ofisini tu, tutairudia barua hii.

(c) Mkandarasi apige kwanza sampuli ya mita 1 kwa 1 ya lipu ya chokaa, iachwe ipigwe na masika moja, ndipo alipwe malipo ya kwanza ya kuta. Lipu za nje zipangwe kati ya Juni na Septemba, mvua kubwa zikiwa zimepita na jua likiwa halijawa kali.

(d) Liwepo shimo moja la chokaa la mji, lenye zamu ya kulijaza, ili asiwepo wa kusema chokaa haijaiva.

(e) Maneno ya vibao yarekebishwe. Ili isisemwe kwamba tumelalamika bila ya kusaidia, haya hapa, chukueni bure:

*Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Minara Miwili. Misheni ya Kikatoliki ilifika Unguja Desemba 1860 kutoka Réunion. Jengo hili lilikamilika mwaka 1898. Sura yake imefanana na kanisa kuu la Marseille. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa ya hapa. Vigae na vioo vya rangi vilitoka Ufaransa. Tafadhali usiguse kuta zilizochorwa.*

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye jina na cheo cha anayejibu, hoja kwa hoja. Mkiona tumekosea kipimo, tarehe au jina, tuambieni wapi. Tutasahihisha hadharani kama tulivyoandika hadharani. Na kama kuna kazi itakayoanza kabla ya siku hizo kwisha, tunaomba mfuko wa kwanza utakaofunguliwa usiwe wa saruji.

Wenu kwa heshima,

Waashi wa chokaa, watembezaji wageni na wakaazi wa Mji Mkongwe
Unguja

Nakala: ubao wa matangazo wa kila mtaa utakaokubali kuibandika.